Deni Letu kwa Mtoto Aliye Tumboni



Mtoto akizaliwa na kilema, au akichelewa kukaa, kutembea na kusema, swali huzunguka kijijini kabla hata mama hajamaliza siku zake za uzazi: huyu mwanamke alifanya nini? Mmoja hutaja laana, mwingine mwiko uliovunjwa, wa tatu hunong'ona juu ya mwenendo wake alipokuwa msichana. Swali hili si geni. Wanafunzi walimwuliza Bwana habari za mtu aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Naye hakukubali hata namna walivyouliza.

Safari hii twapenda kulitazama swali hilo kwa upande ambao hatuusikii sana. Ziko sumu zinazomfikia mtoto tumboni kwa njia ya mama, hasa zebaki na risasi, ambazo wataalamu huziita metali nzito. Mama huzipokea katika chakula, katika maji, au katika hewa ya nyumbani kwake, na mtoto ndiye anayeumia zaidi. Je, ni nani wa kulaumiwa? Na zaidi ya lawama, ni nani mwenye deni? Tusiyajibu haya kwa maneno matupu. Tuyapime kwa mambo yaliyotukia.

Minamata ni mji mdogo wa pwani huko Japani, katika mkoa wa Kumamoto. Wengi katika vijiji vyake walikuwa wavuvi, na hapo hapo palikuwa na kiwanda kikubwa cha kampuni ya Chisso. Tangu mwaka 1932 kiwanda hicho kilitumia zebaki katika kazi zake, na maji machafu yakamwagwa baharini. Ndani ya maji hayo palikuwa na zebaki ya aina mbaya kuliko zote, iitwayo methili-zebaki. Hiyo huingia katika vijidudu vya majini. Vijidudu huliwa na samaki wadogo. Wadogo huliwa na wakubwa. Na kila hatua sumu huzidi. Paka wa wavuvi wakaanza kupepesuka kama walevi, wengine wakatumbukia baharini. Mwezi wa Aprili 1956 mtoto wa kike wa miaka mitano aliletwa hospitali, hawezi kutembea sawasawa wala kusema vizuri. Tarehe 1 Mei mwaka ule Daktari Hosokawa Hajime, mkuu wa hospitali ya kiwanda chenyewe, akapeleka taarifa ya ugonjwa wa ubongo usiojulikana.

Hayo yalikuwa ya watu waliokula samaki. Lakini katika vijiji vile vile walikuwapo watoto ambao hawajaonja samaki hata siku moja, nao hawawezi kukaza shingo, hawawezi kumeza vizuri, mikono na miguu imekakamaa. Madaktari walisema huo ni ugonjwa mwingine, maana siku zile walisadiki kwamba kondo la nyuma ni kama ukuta, na kwamba sumu iliyo katika damu ya mama haiwezi kuupita. Mama mmoja mwenye wana wawili wagonjwa alimweleza daktari kijana, Harada Masazumi, kwamba mkubwa alikula samaki na mdogo hakula. Ila yeye mwenyewe alikula samaki alipokuwa mja mzito wa yule mdogo. Mama yule hakuwa amesoma udaktari, lakini alikwisha kuujua ukweli. Mwishoni mwa mwaka 1962, baada ya kuchunguzwa maiti ya mtoto mmoja, ilikubaliwa rasmi kwamba watoto 16 walipata ugonjwa huo tumboni mwa mama zao.

Baadaye Harada alikumbuka desturi ya Wajapani ya kukausha kipande cha kitovu cha mtoto na kukihifadhi katika kijisanduku. Vipande hivyo vilikusanywa nyumba kwa nyumba, vikapimwa, na zebaki ikaonekana ndani yake. Kumbukumbu ya upendo wa mama ikawa shahidi juu ya sumu.

Siku hizi tunajua jinsi mambo haya yanavyokwenda. Methili-zebaki hushikamana na chembe za chakula kinachojenga mwili, nayo hupita mlango ule ule ambao mama humpitishia mtoto chakula chake. Tena hupita kwa wingi: kwa kawaida damu ya mtoto mchanga huwa na zebaki zaidi kuliko damu ya mama yake. Ndiyo sababu huko Minamata mama aliweza kuonekana mzima, au mwenye ganzi kidogo tu ya vidole, na mtoto wake akazaliwa hajiwezi kabisa. Ubongo unaojengwa hauwezi kustahimili kile ambacho ubongo uliokwisha kukomaa hukistahimili.

Risasi nayo ina njia yake. Mwili huidhania kuwa ni kalisi, yaani madini ya kujengea mifupa, ukaiweka mifupani, nayo hukaa humo miaka mingi. Mwanamke anapochukua mimba, mwili wake hutoa kalisi mifupani ili kumjengea mtoto mifupa. Na risasi hutoka pamoja nayo. Kwa hiyo msichana aliyecheza katika vumbi la risasi akiwa na miaka sita aweza kumpa mwanawe vumbi hilo baada ya miaka ishirini. Madhara yake ni mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo, na akili kupungua nguvu. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Basi tuone jambo hili vizuri. Sumu hizi hazingoji mama awe mzembe. Zinatumia ukarimu wa mwili wake. Mama humpa mtoto vyote alivyo navyo, na kilichotiwa sumu hutoka pamoja na kilicho chema. Hapo kusema kwamba mama amemdhuru mwanawe ni kumhukumu kwa sababu ya upendo wake.

Mtu aweza kusema: ni kweli kwa yule asiyejua, lakini akiisha kuonywa, je? Hilo ni swali la haki, nasi hatulikwepi. Ila na maonyo yenyewe yapimwe. Mwaka 1971 nchi ya Iraki ililetewa ngano ya mbegu iliyotiwa dawa ya methili-zebaki ili isioze ardhini. Magunia yaliandikwa onyo kwa Kiingereza na Kihispania, lugha ambazo mkulima wa Iraki hakuzijua, na mahali pengi mbegu zilifika baada ya majira ya kupanda. Watu wakaosha ile rangi nyekundu ya dawa, wakadhani sumu imetoka pamoja nayo, wakasaga ngano na kuoka mikate. Wagonjwa 6,530 walilazwa hospitali, na 459 kati yao walikufa humo. Miongoni mwa akina mama waja wazito walikuwapo walioumwa kidogo tu, lakini watoto wao wakazaliwa na ubongo ulioharibika. Onyo lilikuwapo. Aliyeliandika aliweza kusema ametimiza wajibu wake. Je, alikuwa ameutimiza?

Tuje kwetu. Sokoni twaziona fungu za udongo wa kula, ule tuuitao pemba, na wanunuzi wengi ni akina mama waja wazito. Uchunguzi uliofanywa katika sehemu za machimbo madogo ya dhahabu huko Geita, ukachapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba karibu nusu ya waja wazito walioulizwa walikula udongo, na katika udongo huo kulikuwa na aseniki, ambayo ni sumu ya jamii hii hii. Ni rahisi kuwakemea. Lakini hamu ya udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu, na upungufu wa damu huandamana na chakula haba. Tukimwambia mama "acha udongo" bila kumsaidia apimwe damu, apate vidonge vya kuongeza damu, na mezani pake pawe na mboga na dagaa, tumemtwika mzigo pasipo kuugusa sisi wenyewe kwa kidole. Onyo la haki ni lile linalomfikia mtu kwa lugha yake, likiwa na njia ya kulitii.

Iko hoja ya pili, nayo ni nzito kuliko ya kwanza. Husemwa kwamba maendeleo yana gharama. Kiwanda cha Minamata kiliajiri watu wengi, kililipa kodi, na mji mzima ulikitegemea. Wavuvi waliolalamika walionekana adui wa riziki za wenzao. Hoja hii twaisikia hata katika machimbo yetu. Mchimbaji mdogo huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa, hupata donge la zebaki na dhahabu, kisha hulichoma donge hilo motoni. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, nao humwingia kila aliye karibu, na kutoka kwake humfikia mtoto aliye tumboni. Tena wako wanaochomea nyumbani, juu ya jiko lile lile la chakula, kwa sababu wanaogopa dhahabu yao kuibiwa. Leo hii uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaotoa zebaki nyingi angani kuliko shughuli nyingine yoyote ya binadamu.

Lakini mchimbaji huyo si mtu mwovu. Mara nyingi ni baba anayetafuta fedha za kumlipia mkewe gharama za uzazi. Anamtafutia mtoto riziki, na moshi wa riziki hiyo unamwumiza mtoto yule yule. Hatusemi haya ili kumwaibisha. Twayasema ili tusijidanganye kwamba ubaya wote hufanywa na watu wabaya.

Pamoja na hayo, hoja ya gharama ina kasoro moja kubwa. Tukisema kitu kina gharama, hatuna budi kuuliza ni nani anayeilipa, na kama aliulizwa. Huko Minamata mtoto tumboni alipokea sumu ambayo vinginevyo ingebaki mwilini mwa mama. Kwa sababu hiyo wako wazazi waliomwita mtoto wa namna hiyo hazina ya nyumba, kwa kuwa aliichukua sumu ya mamaye, na ndugu zake waliofuata wakazaliwa wazima. Neno hilo lastahili heshima, maana lilisemwa na watu walioulea mwili usiojiweza mchana na usiku. Kwa kinywa cha mzazi ni shukrani. Lakini mwenye kiwanda, mfanya biashara, au sisi tunaofaidika kwa mbali, hatuna ruhusa ya kulikopa neno hilo. Sisi Wakristo twajua habari za Mmoja aliyechukua mzigo wa wengine, nasi twajua kwamba aliutoa uhai wake kwa hiari yake mwenyewe. Mtoto wa Minamata hakujitoa. Alitolewa. Kumfanya mtu kafara bila yeye kutaka, kisha kuita jambo hilo maendeleo, ni kosa ambalo faida haiwezi kulifunika.

Hapo twafika penye shina la jambo. Mara nyingi ubishi hauwi juu ya wema na ubaya. Huwa juu ya kujua na kutojua. "Bado haijathibitishwa," husemwa. Mwaka 1959 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walisema chanzo ni zebaki. Mwaka ule ule Daktari Hosokawa alimlisha paka maji machafu ya kiwanda, na paka akapata ugonjwa ule ule; kampuni haikutangaza habari hiyo. Kiwanda kiliendelea kutumia zebaki kwa namna ile hadi Mei 1968, na serikali ikatamka rasmi chanzo cha ugonjwa mwezi wa Septemba mwaka huo. Tangu taarifa ya kwanza ilikuwa imepita miaka 12. Katika muda wa miaka 12 ni mimba ngapi zilizotungwa na watoto wangapi waliozaliwa! Hosokawa mwenyewe alitoa ushahidi juu ya yule paka mwaka 1970, akiwa mgonjwa kitandani, na mwaka 1973 mahakama ya Kumamoto iliihukumu kampuni kuwa na hatia. Waliotambuliwa rasmi kuwa wagonjwa wamezidi 2,200.

Wala si mambo ya mbali tu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, tangu mwaka 2007 palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Phyllis Omido, aliyefanya kazi hapo, alimwona mwanawe mchanga akiugua, na hatimaye damu ya mtoto ikapimwa ikakutwa na risasi. Akasimama pamoja na majirani, miongoni mwao akina mama waliosimulia mimba zao zilivyoharibika. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 mwaka 2020; na baada ya rufani Mahakama ya Juu iliirudisha fidia hiyo Desemba 2024. Haki ilipatikana, lakini mtoto aliyekuwa tumboni mwaka 2007 alikuwa amekwisha kuwa kijana.

Kwa hiyo sisi twaona hivi: penye shaka, mzigo wa shaka na uchukuliwe na yule awezaye kungoja. Kiwanda kinaweza kungoja. Mfanya biashara anaweza kungoja. Serikali na wataalamu wanaweza kungoja huku wakichunguza zaidi. Mimba haingoji. Ubongo wa mtoto hujengwa katika miezi yake, na mwezi uliopita haurudi. Aliye na uwezo wa kuchagua ndiye apaswaye kusimama kwanza, ili asiye na uwezo asilipe kwa maisha yake kosa la mwingine. Tukikosea kwa kusimama, tutapoteza fedha, nazo hutafutwa tena.

Je, hayo yatuhusu nini hapa parokiani? Yatuhusu sana. Nyumba zenye wachimbaji, donge lisichomewe jikoni wala karibu na mja mzito au mtoto, na pale inapowezekana kitumike chombo cha kunasa mvuke, ambacho pia humrudishia mchimbaji zebaki yake. Nguo za machimboni zisifuliwe na mama mwenye mimba. Betri kuukuu zisivunjwe uani. Mja mzito asikatazwe samaki, maana samaki humjenga mtoto. Ila achague dagaa na samaki wadogo kuliko papa na nduaro, ambao kwa kula wenzao hukusanya zebaki nyingi. Akina baba wasiwaachie wake zao mashauri ya kliniki kana kwamba mimba ni jambo la mtu mmoja. Na sisi sote tujue kwamba uko Mkataba wa Minamata, uliokubaliwa mwaka 2013 na kuanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, na Tanzania ni mmoja wa wanachama wake. Mkataba huo unazitaka nchi zenye machimbo madogo ya namna hii ziwe na mpango wa kuwalinda watoto na akina mama, hasa waja wazito. Kiongozi akija kuomba kura, ni halali kumwuliza mpango huo umefika wapi katika kata yetu.

Hata pete ya ndoa inayobarikiwa mbele ya madhabahu ina habari yake. Pengine dhahabu yake ilipita mikononi mwa mama aliyegonga mawe akiwa na mimba ya miezi saba. Hatusemi pete ivuliwe. Twasema anayeivaa ajue kwamba ana deni kwa watu asiowajua, na deni hulipwa kwa kujali.

Mama ajifunguapo salama huja kanisani kumshukuru Mungu, nasi huungana naye katika sala ile. Ni desturi njema. Lakini yafaa tujiulize kama shukrani yetu ni ya kweli iwapo kwa miezi tisa iliyotangulia hatukujali alikula nini, alivuta hewa gani, na alibebeshwa nini na mikono ya wengine. Na akija mama ambaye mtoto wake hakuzaliwa mzima, asiulizwe alifanya nini. Apewe nafasi benchi la mbele, apokewe mtoto mikononi, kisha sisi tulio wazima tuulizane ni nini kilichobaki kwetu kufanya, kabla mwingine hajazaliwa.